Ufunguo wa Kumi na Nne

Alhamisi, saa mbili usiku, simu ya Tellervo:
"Tovuti yenu imeganda tena."
Tampere, mwezi wa pili, kuganda si tamathali.
Ziwa limeganda, mabomba yameganda,
na sasa ukurasa wa tiketi za sauna
unazungusha kiduara chake
kama mbwa anayewinda mkia.

Nikaizima seva, nikaiwasha. Ikapona.
Alhamisi tatu mfululizo nimeizima na kuiwasha,
nikajiita fundi.

Ya nne nikaenda kwa miguu.
Ukumbini watu kumi na mmoja, taulo mabegani,
wameyakodolea makabati macho.
Tisa yana wenyewe.
Kumi na moja yamefungwa, ndani hamna hata soksi.
Ubao wa Tellervo una misumari ishirini,
yote mitupu.

"Wa kumi na nne umeondoka mfukoni mwa mtu," akasema.
"Mvuke ulimchoma, akafura, akatokea mlango wa nyuma.
Wenye hasira hawapiti kwangu."

Sikuingia kuoga. Nilirudi kwenye msimbo.

Hifadhidata yetu nayo ina funguo ishirini.
Kila mgeni huazima muunganisho mmoja,
huuliza lake (nafasi ipo saa kumi na mbili?),
hujibiwa, huurudisha.
Mstari wa kufunga upo, nimeuona,
wa arobaini na moja, mfupi, mwaminifu,
umekaa mwisho wa njia ya wenye furaha.
Ila kadi ya benki ikikataliwa,
kosa hurushwa kwenye mstari wa thelathini na tatu,
na mgeni huruka dirishani,
muunganisho u kotini mwake.

Kukopa harusi, kulipa matanga.
Hapa hapakuwa na matanga,
kimya tu, mmoja, mwingine, mwingine,
hadi wa ishirini.

Nikatafuta nani kaandika upuuzi huu.
Kumbukumbu za msimbo hazina haya:
Saini Ylitalo, Novemba, Ijumaa, saa kumi kasorobo.
Mimi.
Naikumbuka Ijumaa ile. Nilikuwa nawahi treni.

Sikuongeza kitu. Niliuhamisha mstari ule
kutoka mwisho wa furaha
hadi pale njia zote zinapopita,
ya aliyelipa na ya aliyekataliwa,
chini ya neno moja: hatimaye.
Kwanza yafungwe matokeo, kisha ulizo,
muunganisho mwisho kabisa,
kinyume cha vilivyofunguliwa,
kama mtu anavyovua buti kabla ya soksi.

Alhamisi iliyofuata simu haikulia.
Saa tatu nikapiga mwenyewe.

"Wamenichongea funguo kumi," akasema Tellervo.
"Na wa kumi na nne?"
"Umeletwa na posta. Bila jina, bila barua."

Nikacheka, kisha nikaacha.
Miunganisho haiji kwa posta.
Nikaufungua tena msimbo, faili la pili,
na la tatu,
kutafuta milango mingine ya nyuma.