Bei ya Mbolea ya Njiwa

Dukani kwa Kowolik, karibu na reli ya tramu,
mfuko wa kilo tano: zloti arobaini na nane.
Niliugeuza nikausoma mgongoni
kama mtu anavyosoma barua ya benki:
naitrojeni saba, fosforasi tano, potasiamu nane.
Nyanya iliyochorwa pale ilicheka,
nayo haijapata kuota popote.

Chupa ya kijani ni kumi na tisa,
lakini ni maji, maji yaliyotiwa rangi na ahadi.
Samadi ya ng'ombe ya vidonge, thelathini na moja,
haina hata harufu.
Mbolea isiyonuka mimi siiamini.

Pensheni huja tarehe kumi na tano.
Ilikuwa tarehe sita.
Nilirudisha mfuko rafuni, nikanunua kamba ya kufungia miche
ili Kowolik asinitazame vibaya.

Bustani yangu ni hatua kumi na nne kwa tisa,
nyuma ya mgodi uliofungwa, hapa Bytom.
Udongo ni mweusi kwa macho tu:
hilo ni vumbi la makaa, si rutuba.
Kabichi zimedumaa kama ngumi za mtoto,
nyanya zinageuka njano kuanzia chini.
Mwaka jana nilivundika majani ya kuwasha ndooni;
Bi Sobota akafunga madirisha hadi Agosti.
Maganda ya mayai? Nala mayai mawili kwa wiki.
Kwa hesabu hiyo nitalisha mche mmoja, tena kwa kuusimanga.

Na ng'ambo ya ua wa waya
Alojz ana njiwa sitini.
Sitini! Na hakuna hata mmoja anayekosa choo.
Magunia yamepangwa ukutani, makavu, hayana mnunuzi.

Miaka tisa hatukusemezana.
Marehemu mume wangu, Ewald, alidai saa ya mashindano ilichezewa:
njiwa wake alitua wa kwanza, akaandikwa wa pili.
Dai hilo alikwenda nalo mpaka kaburini,
nami nikalirithi, pamoja na nyumba
na mbwa mwenye kikohozi.

Mkono mtupu haulambwi.
Nilichukua mtungi wa matango ya siki,
nikameza fundo, nikabisha langoni.
Alojz akatoka, suruali imeshikwa na kamba.
Akautazama mtungi. Akanitazama.
"Usiiweke kavu," akasema, "itaunguza mizizi.
Ndoo ya maji, ukufi mmoja. Majuma mawili iloweke."
Miaka tisa, na neno la kwanza
likawa juu ya mavi.

Nikauliza bei.
Akakuna shingo, akataja mtungi mwingine,
wa uyoga, kama upo.
Kuhusu ile saa hakusema,
nami sikuuliza.

Nililisukuma gunia kwa toroli la Ewald,
gurudumu likilia njia nzima.
Juu ya paa njiwa mmoja alinifuata kwa jicho la pembeni.

Nimenawa mara tatu.
Bado nanuka.
Hii naiamini.