Panya Asiye na Mkia

Nilinunua duka la Twalib, barabara ya Digo,
kibodi na kipanya chake, visivyo na waya,
kwa kuwa mwezi wa Shaabani waya wa zamani
ulinitega mguu, nikaanguka,
na kompyuta nusura inifuate.
"Hizi hazina kamba, mzee," akasema Twalib,
"keti kitandani, keti barazani, ni wewe."
Akanipa na kipokezi chake, punje ya mbaazi.
Alikuwa amefungua maboksi mawili kwa pamoja
huku akimhesabia mtu mwingine chenji.

Miaka thelathini na mmoja nilihesabu makontena Kilindini,
nikajua kila chenye uzito kina kamba yake:
meli ina amari, kreni ina minyororo,
mimi nilikuwa na kadi ya kazi shingoni.
Leo panya asiye na mkia.

Nikachomeka punje. Nikaandika:
Kwa Mkurugenzi. Yahusu kiinua mgongo changu.
Kioo kimya.
Nikabadilisha betri. Nikatia za rimoti,
nikatia za saa ya ukutani,
saa ikasimama saa nne na robo
na hadi hivi sasa ni saa nne na robo.

Mshale nao ulikuwa na mambo yake.
Nimeketi, mikono mapajani, ukaondoka wenyewe,
ukapanda pembeni, ukashuka, ukazunguka,
ukasita juu ya picha ya marehemu Mwanasha
kama mgeni anayesita kukanyaga mkeka.
Nikasoma Ayatul Kursiyyu. Ukasimama.
Nikamaliza. Ukaendelea.

Usiku wa tatu, Tudor nzima haina upepo,
nikaiandikia kibodi mfu, maana haisikii:
Chai napika vikombe viwili, kimoja namwaga.
Wanangu hupiga simu Ijumaa, dakika nne.
Wa chini akikaanga mahamri nasimama dirishani kama paka.
Mkurugenzi, nanyi mwaita kiinua mgongo,
mgongo wenyewe haujainuka.
Hilo la mwisho nililicheka peke yangu,
kisha nikalala.

Asubuhi, hodi.
Shufaa wa ghorofa ya chini, mtengeneza kadi za harusi,
miwani juu ya mtandio, punje kiganjani.
"Nimenunua kipanya kwa Twalib, hakiendi.
Kibodi yangu ya zamani nayo naandika
*Mnaalikwa nyote kwenye nikaha*,
mara chini yake, *Kwa Mkurugenzi*.
Karani ndiwe?"
Nikasema ndimi.
"Na mshale wako, ulikuwa ukitembea?"
"Ulikuwa ukitembea."
"Basi ni mimi," akasema.
"Nilikuwa nautafuta wangu, ulikopotelea."

Akatazama meza yangu, vikombe viwili.
"Hicho ndicho cha kumwaga?"
Hapo nikajua amesoma mpaka mwisho.

Tukabadilishana punje mlangoni.
Sasa vyote vyatii. Nagusa A, yaja A.
Barua ya Mkurugenzi imetimia kurasa mbili
na haina mzaha hata mmoja.
Mshale unalala pale nilipouacha,
hauzunguki, hausiti juu ya mtu.
Siku nne nimeungoja.

Ya tano nikateremka ngazi, kumi na saba,
nikizihesabu kwa mazoea ya kazi,
nikamwambia Shufaa betri zangu zimekwisha.
Akavuta droo. Nikaiona pakiti nzima, haijafunguliwa.
Akaisukuma droo ikafungika.
"Sina," akasema. "Keti. Mafuta yako motoni."

Mfukoni mwangu betri mbili ziligongana.
Nikaweka mkono juu yake, nikaketi polepole.