Umoja na Wingi

Siku ya tatu ya mafunzo, Al Khuwair, ghorofa ya pili.
Nje joto la nyuzi arubaini na nne. Ndani kiyoyozi kinatugandisha
mpaka Thuwaiba wa Ibra kajifunika shela magotini.
Daktari Shinuna ameandika ubaoni neno moja la Kiarabu,
infisal,
kisha akatugeukia sisi tuliokulia Kiswahili cha jikoni:
"Nyumbani kwenu mnaliitaje?"

Tukatazamana.
Mmoja akasema kupagawa. Mwingine, kupotewa.
Mimi nikamkumbuka bibi yangu, kule Seeb, akimsema jirani:
"Yupo, lakini hayupo."
Daktari akaliandika hilo, akalipigia mstari.

Mchana, zoezi la wawili wawili.
Mimi mtabibu, Thuwaiba mgonjwa.
Kisa ni cha kutunga, kimechapwa kwenye karatasi:
mwanamke wa miaka thelathini na nne, karani wa benki,
hupotewa na Jumatatu nzima,
hukuta kabatini viatu asivyovinunua.
Nikamhoji kwa Kiarabu. Akajibu kwa Kiarabu,
sawasawa, kama asomaye risiti.
Kisha nikateleza, nikasema, "Pole, mwenzangu."

Vidole vyake vya miguu vikajikunja.
Sauti ikapungua, ikawa ya mtoto anayehesabu ngazi:
"Usiwashe taa. Akiona taa atapanda juu."

Hilo halikuwamo kwenye karatasi.

Daktari akavuta kiti, si karibu sana.
"Thuwaiba, hapa ni Al Khuwair. Gusa meza.
Kahawa ina iliki, unaisikia harufu?"
Akarudi kwa vipande:
mkono kwanza, kisha macho,
na mwisho kabisa, aibu.

Hatukumuuliza nani alikuwa akipanda.
Mimi na diploma zangu mbili, ulimi uliniwasha
hadi adhana ya alasiri.

"Wala msiulize yupi ndiye wa kweli,"
Daktari alituambia tukikusanya vikombe.
"Aliyenunua viatu naye ana miguu."

Cheti changu kimekosewa jina.
Sijakirudisha. Kiko kwenye droo pamoja na kalamu za hoteli.

Jumapili, kliniki.
Mteja wangu wa saa nne, simtaji.
Miaka miwili sasa namwambia, "Hujambo?"
naye hujibu, "Sijambo," macho yako kwenye saa ya ukutani.
Leo nimesema, "Hamjambo?"

Akageuka kutazama mlangoni.
Hakuna mtu.
Akanitazama mimi. Magari matatu yakapita chini,
la nne likapiga honi.
Akavua kiatu kimoja, akakiweka ubavuni mwa kiti.

"Hatujambo," akasema.
"Wengine wamelala."