Tungule

Mwalimu wa chekechea, Coventry, mwaka ule wa theluji,
aliniambia kwa upole: nyumbani msemeshe Kiingereza,
mtoto asije akachanganyikiwa.
Nikaitika. Nikakikunja Kiswahili
nikakitia sandukuni na kanga za arusi,
nikabaki na kile cha kugombana na babake
na cha kuhesabia chenji kimoyomoyo.

Leo ana miaka kumi na sita.
Kashuka ngazi, soksi moja ya kijani, moja haina rangi,
simu mkononi, macho humo humo:
"Niaje mathe, fomu ni gani?"

Mwiko ukasimama chunguni.

Nani kakufunza?
Hakuna. Nimeokota tu.
Kaokota kwa vijana wa Nairobi wanaocheza juu ya paa,
kwa msusi wa Toronto asimuliaye talaka yake huku akisuka,
usiku, chini ya blanketi, nami nikidhani kalala.
Kiswahili kimemrudia kupitia dirishani,
kimevaa raba, kinatafuna ubani,
wala hakikunisalimu mimi mwenye nyumba.

Na jina lake huko si Thuwaiba.
Ni Waiba, kisha kistari, kisha mia mbili hamsini na nne.
"Mwanangu, hiyo namba ya Kenya. Sisi ni tano mwishoni."
"Tano ilishachukuliwa, mama."
"Na Waiba unaijua maana yake?"
Hakuijua. Nilipomwambia
alicheka mpaka akakaa chini, kwenye vigae,
na mimi nikacheka, kisha nikaona haya,
maana sanduku nililifunga mimi.

Akanipiga picha mikono tu, nikikata.
"Sema unachofanya."
Nakata tungule.
"Si nyanya?"
Huko kwenu kwenye simu ni nyanya.
Kwetu Wete ni tungule.
Akalijaribu neno. La kwanza likamteleza.
La pili akalitamka kama bibi yake hasa,
bibi ambaye hajapata kumwona,
ile *le* ya mwisho ikishushwa taratibu
kama mtu awekaye mtungi.

Kesho yake watu elfu kumi na moja
walikuwa wameitazama mikono yangu.
Akaja mbio: "Nipe lingine! Wanataka lingine!"

Ninayo. Ninayo mengi.
Nikafuta mikono, nikavuta kiti.

Zima hiyo simu kwanza.