Kisima Namba Saba

Walipong'oa matangi matatu ya petroli pale Kisauni,
yakiwa na kutu, yametoboka matumboni,
watu walijaa barabarani kutazama.
Malori arobaini na moja ya udongo
yalipita mbele ya duka la mikate,
karani wa kampuni akayahesabu moja moja,
akapiga mhuri: CHANZO KIMEONDOLEWA.

Mimi sikuajiriwa kuhesabu malori.

Kazi yangu ni kamba, ndoo nyembamba ya chuma,
chupa za kahawia na kisanduku cha barafu.
Visima tisa kila mwezi,
tangu uani kwa Mbodze hadi nyuma ya madrasa.
Nashusha, nangoja ule mguso mdogo,
napandisha, naandika saa na kina.
Watoto huniita Dakta wa Maji.
Sikatai.

Mwezi wa kwanza tarakimu zilishuka.
Mwezi wa pili zikashuka tena.
Injinia Mghanga akachora mstari kwa kalamu ya kijani,
ukateremka karatasini bila kugeuka nyuma.
"Umeona?" akasema. "Kazi imekwisha."
Nikaona. Nikanywa soda aliyoninunulia.

Mbodze ndiye aliyeniharibia utamu wake.
Alikuwa akifua sare za walinzi,
kwa maji ya kununua, mtungi shilingi ishirini.
"Kwani nyinyi huja siku za maji mafu tu?
Njoo bamvua, mwezi ukipevuka.
Ndipo kisima kinanuka."

Nikarudi kwenye daftari,
nikazipanga tarehe zetu kando ya kalenda ya mwezi.
Aibu ikanipanda shingoni.
Mara zote tuliyateka maji yakiwa yamelala.

Chini yetu ni mwamba wa matumbawe,
una vyumba na vichochoro kama Mji wa Kale,
na mafuta, miaka kumi na minane ya kuvuja,
yalihamia humo, yakapanga vyumba, hayalipi kodi.
Maji matamu ni ukanda mwembamba
unaoelea juu ya chumvi.
Bahari ikijaa, nayo huinuka chini ya vitanda vyetu,
hubisha hodi vyumba vile,
hushuka na harufu.
Kung'oa jino ni jambo moja.
Usaha uliokwisha kuingia taya
hautoki na koleo.

Basi nikaja bamvua.
Namba tatu, hatua ishirini kutoka shimoni: safi.
Nilipima mara mbili, sikuamini.
Namba tano: nusu ya mwaka jana.
Haya nayaandika kwa wino uleule,
maana malori yale hayakwenda bure.
Lakini namba saba,
kile cha madrasa, ambacho hakijawahi kuwa na doa,
kilinipandishia utando unaometa rangi za upinde.
Uchafu haukufa.
Ulihama mtaa.

Fomu ina kisanduku kimoja:
Je, usafishaji umelinda maji? Ndiyo. La.
Maelezo, mstari mmoja.
Niliandika ndani ya mstari, nikatoka nje ya mstari,
nikageuza karatasi.
Shimo limepona. Mwamba bado.
Namba tatu, ndiyo. Namba saba, la.
Na huko maji yanakoelekea, upande wa hori,
hatuna hata kisima kimoja cha kutuambia.

Mghanga alisoma mbele na nyuma.
Nilidhani atanirudishia.
Akaifunika kalamu yake ya kijani.
"Tungoje masika?"
"Masika mbili," nikasema, "na bamvua zake zote.
Na tuchimbe visima viwili kule chini."
Hakujibu. Alianza kutafuta nambari ya mwenye mashine.

Madrasa tumeifunga pampu kwa mnyororo.
Ustadh Shee alinishika mkono muda mrefu,
asijue ashukuru au alaumu.

Leo bahari imejaa saa kumi za alfajiri.
Niko uani kwa Mbodze, tochi mdomoni,
kamba ikiteremka kati ya vidole.
Yeye ameshawasha jiko. Haulizi kitu.
Chini huko kuna giza, na maji yanapanda,
nami nahesabu.