Kitenzi Kupiga

Mwalimu Okwir alitoka Kampala kwa basi,
begi moja, chaki zake mwenyewe.
Alitufundishia Majengo, nyuma ya depo ya saruji:
watu tisa, mabenchi mawili, na bidoni iliyolazwa ikawa kiti.
Filamu ya wageni inakuja Goma, alisema,
atakayeelewa Kiingereza chao atakula.

Tukaandika kama tulivyosikia.

Aksheni.
Hilo watoto wa mtaa wote wanalo,
walilipata kwenye vibanda vya video
kabla hawajaweza kuandika majina yao.

Kati. Maana yake kata, kila mtu asimame.
Kavugho akauliza: na anayelia kweli?
Mwalimu akafuta ubao, polepole, hata pasipo na maandishi.
Huyo, akasema, aachwe amalize.

Ekstra ni mtu wa ziada.
Anapita nyuma ya mwenye jina, amebeba kitu,
hasemi. Akisema, bei yake inapanda.
Musavuli, msukuma chukudu, alicheka hadi akakohoa:
“Kumbe kazi hii nina miaka kumi na minne nayo!
Nashuka kutoka Kibumba na viazi, magunia sita,
na hakuna aliyewahi kunilipa kwa kupita.”

Kisha shuti.
Tulidhani ni lile la mpira.
Mwalimu akatoa mfano:
kesho alfajiri tutashuti sokoni.
Kalamu tisa zikabaki hewani.
“Kupiga picha,” akaharakisha. “Picha tu.”

Mama Kahambu, muuza sambaza,
aliyekuja kwa ajili ya kivuli cha ukuta na si kwa ajili ya somo,
akasema kutoka mlangoni:
Usijisumbue, mwalimu. Hata sisi tuna moja.
Tunapiga pasi, tunapiga magoti,
tunapiga simu kuuliza kama barabara ya Sake imefunguka.
Na wako wanaopiga usiku, sisi tunahesabu.
Kitenzi ni kilekile.
Ni neno linalokuja nyuma yake
ndilo tunalolingoja
tumebana pumzi.

Bumu tulilikataa.
Ni kijiti kirefu chenye kinasa sauti
kilichovikwa manyoya ya kijivu.
Tukakiita paka.
Wageni walipokuja, siku ya tatu tu,
mzungu mwenye vipokea sauti masikioni alikuwa akipiga kelele:
“Paka! Paka juu kidogo!”

Mimi nilipewa neno refu kuliko yote,
kontinyuiti,
halikuenea kwenye mstari, likavunjika katikati.
Kazi yake ni kukumbuka.
Kikombe kilikuwa mkono gani,
mshumaa ulibaki urefu gani,
shati lilifungwa vifungo vingapi,
ili Jumanne na Ijumaa
zionekane zimetoka katika pumzi moja.

Hawakuhitaji kunifundisha.
Geti lilikuwa la buluu, limechubuka chini.
Cherehani ya mama ilikuwa kushoto kwa dirisha,
sindano imo kitambaani, mkono wa shati nusu umeshonwa.
Sufuria imefunikwa.
Ndipo mlima ukashuka.
Tulijenga upya palepale, juu ya jiwe,
na mahali nilalapo leo
ni kimo cha mtu mzima juu ya paa la jana.
Kati ya onyesho lile na hili
hakuna aliyesema kati.

Siku kumi na moja, kisha rapu:
wakakunja nyaya, wakafunga masanduku,
wakamkumbatia Musavuli, wakamwita jina lisilo lake.
Mwalimu aliniachia vipande vitatu vya chaki.

Daftari sijalifunga.
Leo, saa moja asubuhi:
mlango nusu wazi.
Mama Kahambu, kitenge cha njano, beseni upande wa kulia wa kichwa.
Chukudu moja inashuka, viazi, magunia sita.
Milio: hakuna.

Kesho iwe vivyo hivyo.