Waraka wa Mwezi wa Tano

Uliubandikwa juu ya ndoo ya kunawia:
aya tano, muhuri mmoja, neno "nadhifu" mara nne.
Nilihesabu. Mimi ni karani wa masjala, kuhesabu ndiyo kazi yangu.
Wanaume: shati jeupe, tai, koti. Wanawake: suti ya rangi moja.
Marufuku: kofia za sufi, vitenge vya kujifunga, mabuti ya mpira,
na masweta ya kufumwa kwa mkono.

Hapa Njombe.
Majira ambayo sakitu hupita alfajiri, haibishi hodi,
na majani ya viazi huamka yameungua
kama yaliyobabuliwa na moto.

Mkuu mpya, Bwana Nandonde, alitoka Mtwara na suti tatu.
Si mtu mbaya. Nalisema hili mapema.

Kabla yake kulikuwa na Enesia Mtewele, dirisha la pembejeo,
sindano zake mbili kabatini, kwenye mafaili ya herufi M.
Alitufumia wote. La Mgaya mhasibu lilikuwa la kijani,
kiwiko kimoja kimezibwa kwa njano kwa kuwa kijani kiliisha;
ukikiona kile kiwiko mlangoni, umemwona Mgaya.
Mkulima akija na tope la Lupembe mpaka magotini
aliona sweta kama analofuma mkewe, akakaa,
akaisema shida yake kwa Kibena,
na shida ikaisha chai ikiwa bado na mvuke.

Juni tukawa weupe, safu nzima, kama mabati mapya.
"Kamwene" ikafia mdomoni.
Tukasema "Karibu, nikusaidie nini?"
kwa sauti ya mtu anayesoma bango.
Mgaya nikaanza kumwita Mhasibu. Naye akaitika.
Otmari wa getini, mwenyewe mtoto wa mkulima,
akaambiwa mabuti yasivuke kizingiti, ya mtumishi wala ya mteja.
Basi yakasimama nje, midomo wazi,
na wenyewe wakaingia peku juu ya vigae,
wakinong'ona kama wamekuja kuaga maiti.

Ila baridi haisomi waraka.
Wiki ya pili masweta yalirudi, chini ya mashati.
Tulinenepa wote kwa siku moja na hakuna aliyeuliza.

Nadhani hapo ndipo tulipozoea.
Mgaya alificha kosa la laki nane mpaka likawa milioni mbili.
Mimi nilificha cheti cha daktari,
nikavuta mafaili kwa mkono mmoja, mwingine mfukoni.
Enesia alivuta kamasi wiki nzima, tukasema mafua,
kumbe Jumamosi alimzika mdogo wake
na Jumatatu yuko dirishani, suti ya rangi moja.
Zamani angelilia begani kwa mtu. Sufi hunywa machozi.
Shati jeupe huonyesha doa.

Julai, tarehe kumi na saba, nilimpelekea mkuu faili asaini.
Aliponyoosha mkono, chini ya kifungo cha fedha
ukachungulia uzi wa zambarau.
Mshono wa Enesia. Naujua:
kila baada ya kumi na mbili huruka mmoja.

Tuliangaliana.
Angecheka, ningecheka,
na ile karatasi ingejibandua yenyewe ukutani.
Akaivuta mikono ya koti.
"Faili linalofuata."
Nikampa linalofuata.

Saa kumi na moja nilitoka. Pale nje jozi moja ya mabuti ilibaki,
mwenyewe aliyasahau, au aliondoka peku kwa hasira, sijui.
Otmari alikuwa ameyasogeza ukutani
na kuyajaza magazeti
baridi isiingie.